Wageni wanahudhuria kikao kimoja cha makazi ya pamoja kisha hawarudi: tunakosea wapi?

Mwenyekiti wa Zamu aliuliza:

Ndugu zangu, salaam.

Ninatoka katika kundi la kaya kumi na moja zinazojiandaa kujenga makazi ya pamoja, yaani mtaa mdogo ambamo kila kaya itakuwa na nyumba yake kamili, yenye jiko lake na mlango wake, huku sote tukimiliki na kuendesha jengo moja la pamoja lenye jiko kubwa, ukumbi wa kulia chakula, chumba cha kufulia na mahali pa watoto kuchezea. Tumekuwa tukikutana kila baada ya wiki mbili kwa muda wa miaka mitatu sasa. Ili hesabu za ujenzi zikae sawa tunahitaji kaya zipatazo ishirini, kwa hiyo hatuna budi kupokea watu wapya, na kwa kweli hawakosekani: karibu kila kikao huwa na mgeni mmoja au wawili. Tatizo ni kwamba wengi wao tunawaona mara moja tu.

Nitaeleza tukio moja ili mnielewe. Mwezi uliopita, nikiwa katika zamu yangu ya uenyekiti, alikuja mama mmoja akiwa na daftari jipya, akaketi karibu na mlango, akaandika kila kilichosemwa kwa muda wa saa nzima. Tulipofika kwenye mchoro wa kiwanja alinyoosha mkono, akauliza kwa upole kwa nini magari yote yamepangwa pembezoni, mbali na nyumba. Watu wanne watano wakacheka. Mmoja akasema, "Jamani, tusirudi huko tena," na mwingine akajishika kichwa kwa utani. Hawakumcheka yeye, walikuwa wakiikumbuka miezi minne ya mabishano juu ya maegesho hayo hayo. Lakini yeye angejuaje? Nilimwahidi kwamba angefafanuliwa baadaye, nikaendelea na ajenda, na nilipoinua macho tena daftari lilikuwa limefungwa na kalamu imewekwa juu yake. Alikaa hadi mwisho, akasaidia kukusanya viti, akaaga watu wote kwa mkono, na hatujamwona tena.

Kinachonisumbua ni kwamba sisi si watu wakali. Mgeni hupokelewa mlangoni, huulizwa jina, hutambulishwa na hupigiwa makofi. Je, tuwe na kikao tofauti cha wageni? Tusimamishe mazungumzo kila mara ili kuwaeleza, tukijua kwamba ajenda haitaisha? Au tukubali kwamba wanaotufaa watabaki na wasiotufaa wataondoka? Baadhi ya wenzangu wanashikilia hoja hii ya mwisho, nami sijaridhika nayo hata kidogo.

Katibu Mstaafu alijibu:

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa katibu wa kundi la aina hii kwa miaka sita, na kwa maoni yangu tatizo lenu haliko mlangoni, liko kwenye kabati la kumbukumbu. Mtu anaweza kupigiwa makofi na bado akajiona yuko peke yake, kwa sababu anagundua taratibu kwamba kila neno linalotamkwa pale lina historia ambayo wengine wote wanaijua, na kwamba hakuna mahali popote anapoweza kuisoma.

Mihtasari ya vikao haitoshi. Sisi tulikuwa na majalada mawili mazito ya mihtasari, na kwa muda mrefu tulidhani kwamba kumkabidhi mgeni majalada hayo ni ukarimu. Hakuna aliyeyarudisha akiwa ameyasoma. Baadaye tukaanzisha kitu kingine tulichokiita daftari la maamuzi, lenye safu nne: uamuzi wenyewe kwa sentensi moja; tarehe; sababu zilizotufikisha hapo pamoja na hoja iliyoshindwa; na hali ya uamuzi huo, yaani kama umefungwa, kama bado uko wazi, au kama utafunguliwa upya iwapo jambo fulani litabadilika. Kazi yote ya miaka sita ikaingia katika kurasa tisa. Safu ya sababu ndiyo iliyotutoa jasho, maana tulipokaa kuijaza tuligundua kwamba katika mambo matatu hata sisi wenyewe hatukukumbuka kwa nini tuliamua tulivyoamua, na aliyeandika mihtasari ya vikao hivyo, nakiri, alikuwa mimi.

Chukua hilo la maegesho. Kuweka magari ukingoni ni mpango uliozoeleka katika makazi ya pamoja, na una sababu zake: mtu akishuka garini mbali kidogo na mlango wake hulazimika kupita kwa miguu mbele ya jengo la pamoja na mbele ya majiko ya majirani, akasalimia, akajua nani yupo na nani anaumwa, na watoto wakapata njia wanayoweza kukimbia bila kuchungwa kila dakika. Maelezo hayo yanachukua chini ya dakika moja. Kwa hayo tu, yule mama angekuwa na kitu cha kukubali au kukipinga, na hata kama angekipinga angekuwa tayari ameingia katika mazungumzo.

Wale wenzako wanaosema kwamba wanaofaa watabaki, waambie habari za Denmark, ambako mtindo huu wa makazi ulianzia. Mwaka 1964 msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer alianza kujadiliana na marafiki zake wachache kuhusu namna ya kuishi kama majirani wa kweli. Walipata kiwanja nje ya jiji la Copenhagen, majirani wakapinga, na mpango ukakwama. Mwaka 1967 Bodil Graae aliandika makala gazetini akisema kwamba watoto wanapaswa kuwa na wazazi mia moja, na mwaka uliofuata Gudmand-Høyer naye akachapisha makala yake. Waliovutiwa na makala hizo, wengi wao watu wasiofahamiana kabisa, walitafutana, wakakutana na hatimaye wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilikamilisha nyumba 27 za Sættedammen mwaka 1972, na jingine likakamilisha Skråplanet mwaka uliofuata. Ule mduara wa marafiki wa mwanzo ulikuwa na upendo wa kutosha, ila haukujenga hata nyumba moja hadi wasomaji wa magazeti walipobisha hodi.

Sauti ya Nyuma alijibu:

Mimi nimewahi kuwa huyo mama wa daftari, tena mara mbili. Kundi la kwanza nililiacha baada ya vikao viwili. La pili ndilo ninaloishi nalo hadi leo. Nitasema tofauti niliyoiona, kwa kuwa mara nyingi wenyeji huulizana wao kwa wao kuhusu wageni bila kumuuliza aliyekuwa mgeni.

Katika kundi la pili walinipa mwenzi wa kiti. Hakuwa mwenyekiti wala mwanzilishi. Alikuwa kijana aliyejiunga miezi michache kabla yangu, na nadhani walimchagua kwa sababu hiyo hiyo, kwa maana bado alikumbuka mambo yaliyomchanganya. Alikuwa na kipande cha karatasi mapajani, na kila lilipotajwa neno la ndani aliandika maana yake, kisha akanisogezea. "Mzunguko: kamati ndogo yenye madaraka yake." "Ridhaa: si lazima wote wapende, inatosha asiwepo mwenye pingamizi lenye sababu." "Kaya ya tatu: walijitoa na kudai fedha zao, usiulize leo." Hilo la mwisho lilinifanya nicheke pamoja na wengine bila kujua hadithi yenyewe, na kwa mara ya kwanza nikajihisi nimo.

Jambo la pili ni fedha. Mgeni anataka kujua atatoa kiasi gani, lini, na akibadilisha mawazo atarudishiwa nini, lakini anaona aibu kuuliza katika kikao cha kwanza, asije akaonekana mtu wa mashaka. Katika kundi la kwanza nilikaa vikao viwili nikingoja mtu ataje suala hilo, na hakuna aliyelitaja, kwa sababu wote walikuwa wamekwisha kulipa. Kundi la pili lilinipa ukurasa mmoja kabla sijafungua mdomo: kiingilio cha mtazamaji hakuna, ukitaka kuwa mwanachama mtarajiwa unatoa mchango mdogo usiorudishwa, ukichukua nafasi ya nyumba unaweka amana, na masharti ya kuirudisha yakaandikwa hapo hapo. Nililala usingizi mzuri usiku ule.

La tatu ni maswali wanayoulizwa wageni. Kule kwa kwanza niliulizwa mbele ya watu wote kwa nini nataka kuishi nao, nikajisikia kama mtu anayeomba kazi. Kwa hawa wa pili mwanamke mmoja aliniuliza, tukiwa tumesimama kando, "Katika maisha yako ya sasa ni kitu gani usichotaka kukipoteza?" Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni kufunga mlango jioni na kukaa kimya. Akasema nusu ya kundi wangejibu hivyo hivyo, na kwamba ndiyo maana kila nyumba ina jiko lake na mlo wa pamoja ni wa hiari. Watu wengi wanaokuja mara ya kwanza wanadhani makazi ya pamoja ni mfuko mmoja na sufuria moja, na hofu hiyo hawaitamki. Isipotolewa mapema, kila wanachosikia baadaye wanakisikia kupitia hofu hiyo.

Kuhusu kikao tofauti cha wageni, mimi nisingekipenda, kwa kuwa kingenifanya mtazamaji wa onyesho. Nusu saa kabla ya kikao cha kawaida, mchoro ukiwa mezani na mtu mmoja mwenye subira akiwa amekaa kando yake, inatosha.

Mjumbe Mkongwe alijibu:

Wakubwa kwa wadogo, shikamooni na marahaba. Naomba niwe mkaidi kidogo, maana naona majibu yote yameelekea upande mmoja.

Kundi letu liliwahi kuwa wazi kiasi cha kujiumiza. Tulikuwa tukiamua kwa maafikiano ya wote waliopo, na neno "waliopo" hatukulifafanua. Bwana mmoja, akiwa katika kikao chake cha pili, alipinga uteuzi wa msanifu majengo ambaye tulikuwa tumemtafuta kwa mwaka mzima, akazuia uamuzi, tukarudi mwanzo kwa heshima yake, na baada ya wiki tano akatuandikia kwamba amehamia mji mwingine. Kaya mbili za wazee, zilizokuwa na haraka kuliko sisi, zilikata tamaa zikaondoka. Kwa hiyo anayesema tumpe mgeni kila kitu akumbuke kwamba kuna watu ambao wamekwisha kuweka akiba zao pale, na kwamba ukarimu kwa mmoja unaweza kuwa dhuluma kwa mwingine.

Tangu hapo tunatenganisha mambo matatu: kusikia, kusema na kuamua. Kusikia ni haki ya mgeni tangu siku ya kwanza, na nyaraka zote zisizo za siri za watu binafsi ziko wazi kwake. Kusema pia ni haki yake, katika zamu, kama mtu mwingine yeyote, na akisema anaandikwa katika muhtasari. Kuamua kunakuja baada ya kuhudhuria vikao vinne, kufanya kazi katika kamati moja na kutoa mchango wa uanachama mtarajiwa. Hata zile kanuni za ushirika zilizopitishwa na muungano wa kimataifa wa vyama vya ushirika mwaka 1995 zinazungumzia uanachama wa hiari na wa wazi kwa watu walio tayari kuukubali wajibu wake. Twin Oaks, jumuiya iliyoanzishwa Virginia, Marekani, mwaka 1967, ambayo kweli ina mfuko mmoja na kwa hiyo inakwenda mbali kuliko makazi tunayoyazungumzia hapa, humtaka anayetaka kujiunga akae kwanza wiki tatu kama mgeni, na katika wiki hizo anafanya kazi pamoja na wenyeji.

Hapo kwenye kazi ndipo ninapotaka kusimama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nimeona makundi mengi yanayomkalisha mgeni miezi sita bila kumpa hata kijiti. Anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, anachoka. Mpe kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana: akapime upana wa njia katika kiwanja pamoja na mtu mwingine, alinganishe bei za aina mbili za paa, aandae orodha ya maswali ambayo yeye mwenyewe hakupata majibu yake. Watu wawili wakishika futi ya kupimia, mmoja huku na mwingine kule, kwa muda wa saa moja, watajuana kuliko katika vikao vitano.

Msomaji wa Ramani alijibu:

Mzee Mjumbe, nina swali moja kabla sijasema lolote. Yule bwana aliyezuia uteuzi wa msanifu, aliambiwa kabla ya kikao kwamba sauti yake haina nguvu ya kuzuia?

Mjumbe Mkongwe alijibu:

Hakuambiwa, na wala hakuwa amekiuka chochote. Hatukuwa na kanuni iliyoandikwa.

Msomaji wa Ramani alijibu:

Ahsante kwa ukweli wako, mzee wangu, kwa sababu ndilo nililotaka kulifikia. Mwaka 1970 Jo Freeman, mwanaharakati wa haki za wanawake wa Marekani, alizungumzia jambo ambalo kila kundi la kujitolea linapaswa kulijua: kwamba hakuna kundi lisilo na muundo, na kwamba lile linalojisifu kuwa halina huwa nao, isipokuwa haujaandikwa, hivyo wanaoufahamu ni wale tu walio karibu na wenye sauti. Anayeumia zaidi katika hali hiyo ni aliyekuja mwisho.

Kwetu sisi muundo uliofichika ulikuwa ndani ya gari. Mwenzetu mmoja alikuwa akiwarudisha nyumbani watu wanne baada ya kila kikao, na kwa nia njema kabisa mazungumzo yaliendelea njiani, hata kikao kilichofuata kilipofunguliwa, watu watano walikuwa na jibu moja lililokwisha kupikwa. Wageni walihisi hivyo bila kujua sababu. Mmoja wao alisema kwamba akiwa nasi anajiona kama mtu aliyeingia kwenye tamthiliya sehemu ya saba. Hatukumkataza mtu kupanda gari, bila shaka. Tulichofanya ni kuweka kanuni kwamba hoja haiwezi kuamuliwa katika kikao kile kile inapowasilishwa mara ya kwanza, na kwamba anayeileta anaeleza pia amezungumza na nani kabla.

Kuhusu ridhaa aliyoitaja Sauti ya Nyuma, ningependa kuongeza kwamba utaratibu huo, ambao Kees Boeke aliutumia katika shule yake nchini Uholanzi na Gerard Endenburg akauendeleza katika kampuni ya familia yake, unamsaidia mgeni kwa namna ambayo watu hawaitarajii. Katika mzunguko wa maoni kila mtu anasema kwa zamu, hakuna anayekatizwa, na mwanzilishi ana zamu moja kama mtu mwingine. Mgeni mpole hahitaji kupigania nafasi ya kuingilia. Ushauri wangu mdogo ni huu: mgeni asianze mzunguko, kwa kuwa atalazimika kusema bila kujua uzito wa jambo, wala asiwe wa mwisho, kwa kuwa kila kitu kitakuwa kimekwisha semwa. Mwekeni katikati.

Jambo jingine dogo. Kundi la wanawake wa zaidi ya miaka 50 lililojenga New Ground huko London lilianza mwaka 1998 na kuhamia mwaka 2016. Mradi unaochukua miaka 18 hauwezi kumalizwa na wale wale walioukalia kikao cha kwanza, kwa hiyo mapokezi ya wageni hayafai kuachwa yawe jambo la dakika tano kabla ya ajenda. Yanastahili kamati yake, na kamati hiyo isiundwe na waanzilishi peke yao.

Mwenyekiti wa Zamu alijibu:

Nimewasoma wote kwa makini, na nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kufanya jambo kabla ya kuandika.

Tumeanza daftari la maamuzi kama alivyoshauri Katibu Mstaafu. Mpaka sasa tumejaza maamuzi kumi na manne, na aibu iliyompata yeye imetupata na sisi: katika suala la ghala la baiskeli hakuna anayekumbuka kwa nini tulilipeleka upande wa nyuma. Kamati ya mapokezi ina watu watatu, wawili kati yao wamejiunga mwaka huu. Hoja ya Mzee Mjumbe kuhusu kusikia, kusema na kuamua tumeikubali kimsingi, ila tumebishana sana juu ya vikao vinne, wengine wakiona ni vingi na wengine wakiona ni vichache, na bado hatujamaliza.

Yule mama nilimwandikia barua fupi. Nilimwomba radhi kwa kicheko kile, nikamweleza kilichokuwa nyuma yake, nikampa sababu za kuweka maegesho pembezoni kama zilivyo katika daftari, na nikamwambia kwamba hana deni la kurudi. Alijibu baada ya siku sita. Alisema sababu zetu ni nzuri na anazielewa, lakini alikuwa ameuliza kwa ajili ya mama yake mzazi, ambaye angehamia naye na ambaye hutembea kwa fimbo, akipumzika kila baada ya hatua thelathini. Alitaka kujua ni hatua ngapi kutoka kwenye gari hadi nyumba ya mwisho.

Hakuna kati yetu aliyejua. Katika miezi minne ya mabishano tulikuwa tumezungumzia kelele, moshi, watoto, gharama za lami na uzuri wa bustani, na hatukuwahi kuhesabu hatua. Jumamosi hii tunakwenda kiwanjani na kamba na vigingi. Amekubali kuja na mama yake, nasi tumeazima viti vitatu vya kuweka kando ya njia. Katika daftari, mbele ya uamuzi wa maegesho, Katibu wetu amefuta neno "umefungwa".